Ndiyo ya Shingo Upande

Kelera alirudi kutoka shule amenuna. Akautupa mkoba wake juu ya mkeka wangu mpya, na kabla sijamkaripia akaniuliza, akiniita Bubu kama wajukuu wa kwetu visiwani wanavyowaita bibi zao:

"Bubu, mtu akiitwa 'reluctant' ametukanwa?"

Nilikuwa nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi. Nikamwambia alirudie neno hilo polepole, akalirudia, na bado likanipita. Kiingereza changu ni cha shule ya msingi tu, lakini maneno yao ya kukataa nilidhani nayajua yote. Hapana yao naijua. Sitaki yao naijua. Hata ile ya adabu, ya mtu anayesukuma sahani huku akishukuru, naijua. Hili halikuwamo.

"Nani kakuita hivyo?"

"Master Waisale. Aliniambia nisome mbele ya wenzangu. Nikasimama, nikasoma, ila polepole. Akasema mimi ni hilo neno. Wenzangu wakacheka, Bubu, na maana yake hata hawaijui!"

Basi nikamvizia huyo Waisale. Ni mtoto wa mjomba wangu, na kwetu watoto wa mjomba na wa shangazi hutaniana mpaka kaburini. Alipopita jioni na mtungo wake wa samaki, nikamwita.

"Wewe mwalimu wa mbu! Umemwita nini mjukuu wangu?"

"Nimemwita sawasawa tu. Wewe bibi kizee shule uliikimbia, leo wataka kusoma kwa bei ya kikombe cha chai?"

"Chai yenyewe hupati. Utapata fuu la nazi la utosi."

Akacheka, akaweka samaki wake chini, akakaa mlangoni. Nikammiminia chai. Utani ni utani, mgeni ni mgeni.

"Sikiliza, Taraivini," akasema. "Asiyetaka hasimami. Anakaa pale na domo lake, mambo yamekwisha. Huyu wa neno hili anasimama. Kitabu anashika, anasoma. Ila moyo umebaki umekaa pale chini kwenye mkeka. Anafanya jambo shingo upande."

"Kwa hiyo ni mtu wa hapana."

"Ni mtu wa ndiyo. Ndiyo yenye mfupa, imekwama kooni."

"Na mtu akiburutwa kwa kamba?"

"Huyo ameburutwa, hana neno hili. Hapa hakuna kamba. Miguu inakwenda yenyewe na moyo unairudisha. Na neno hili halivaliwi na mtu tu. Mkono unaweza kulivaa, tabasamu linaweza kulivaa, hata ndiyo yenyewe. Jiwe tu ndilo lisiloweza."

Kelera alikuwa amesogea, kidevu juu ya magoti. Mtoto wa darasa la sita, mwembamba kama mwiko, macho ya mama yake kabisa. Mama yake, Litia wangu, tulimzika mwaka jana wakati wa vimbunga. Baba yake ameoa kwingine huko Lautoka. Kelera ni wetu, mimi na babu yake Manasa.

"Kitendawili!" nikasema, ili nimchangamshe.

"Tega!"

"Mgeni anaaga, huku anakwaruza mlango."

Akafikiri. Waisale akataka kujibu, nikamkanyaga mguu.

"Wimbi!" akasema Kelera. "Wimbi likirudi baharini, linakwaruza kokoto."

"Na hilo ndilo neno lako," nikamwambia. "Halijakutukana."

Akatabasamu. Nikadhani neno limeishia hapo.

Kesho yake meli ikaja, na ndani yake alikuwamo kaka yangu Isikeli na mkewe Unaisi, kutoka Suva.

Mimi na Isikeli tumenyonya ziwa moja, lakini tangu nilipokuwa msichana mkubwa hatujasemezana uso kwa uso. Ndiyo heshima ya kaka na dada kwetu. Akiingia kwa mlango wa mbele, mimi nashika wa jikoni. Nikiwa na neno kwake, nampa mtu alibebe. Nampenda mno, na sauti yake naijua zaidi ikipita ukutani.

Alikuja na jino la nyangumi, ambalo kwetu hubeba maneno mazito, ya msiba, ya posa au ya ombi. Nililiona alipopita kutoka ufukweni, kamba yake ya makumbi imening'inia chini ya kitambaa. Moyo wangu ukalainika. Kwenye mazishi ya Litia hakuweza kufika kwa sababu ya kimbunga, na deni la machozi halifi. Jino la rambirambi lilikuwa linasubiriwa nyumbani kwetu mwaka mzima. Nikawaambia wanawake wa jikoni, "Kaka yangu amekuja kumlilia mwanangu." Manasa naye akavaa shati lake la kanisani, akakaa mbele, amejiandaa kulia.

Sasa, anayeleta jino husema maneno yake mpaka mwisho, na ombi hukaa mwishoni, mkiani kabisa. Anayepokea hunyosha mikono baada ya neno la mwisho. Akilishika amekubali, na aliyekubali kwa jino hana tena hapana. Watoto wanaojifunza kutembea wanalijua hili.

Isikeli alipiga magoti, jino mikononi. Sisi wanawake tulikaa nyuma, karibu na mlango wa jikoni. Akaitaja nyumba yetu kwa jina lake la heshima. Akamtaja Litia. Akasema jinsi alivyosimama bandarini akitazama bahari iliyomzuia. Akanyamaza, akafuta macho.

Na hapo, katika kule kunyamaza, Manasa akanyosha mikono akalichukua jino. Akalibusu. Mzee wa watu machozi yanamtiririka mpaka kwenye ukosi. Kwake lilikuwa jino la mwanawe, na lilikuwa limefika.

Isikeli akamtazama. Mdomo wake ulifunguka, ukafungwa, ukafunguka tena. Ndipo akamaliza, kwa sauti ya chini:

"Na jino hili linamwomba Kelera, akakae nasi Suva, awe mtoto wa nyumba isiyo na mtoto. Tutaondoka naye kwa meli ya Jumamosi."

Wanaume wakapiga makofi ya desturi, yale mazito. Manasa hakupiga. Mikono yake ilikuwa imejaa.

Wageni walipokwenda kuoga nilimkuta Manasa amekaa palepale.

"Baba Litia, umefanya nini?"

"Nilidhani ni la mwanangu."

"Sema basi! Sema ulikosea!"

"Niseme nini, Taraivini? Kwamba nimempokonya mtu jino katikati ya maneno yake, kama mtoto anayedaka kipande cha muhogo? Halafu nilikatae? Watasema mkono wa Manasa hushika na kuachia. Nani atakuja tena nyumbani hapa na jino?"

Njia moja ilikuwapo, naye aliijua kama mimi. Jino hurudishwa likiwa limebebwa na jino jingine. Jino jingine tulikuwa nalo moja tu, lile nililoolewa nalo, limefungwa kitambaa ndani ya kikapu juu ya kitanda. Nilikitazama kikapu. Manasa aliona ninakotazama, akageuza uso.

"Mtoto hajasema hapana," akasema.

Kweli, hakusema. Nilikwenda nyuma nikamkuta Kelera anakunja nguo zake. Hakuna aliyemwambia. Alikunja gauni la bluu, akalikunjua, akalilaza tena, mkono wake ukilipapasa kama mgongo wa paka.

"Kelera, unataka kwenda kwa babu Isikeli?"

"Ndiyo, Bubu."

"Kweli?"

"Ndiyo."

Neno safi, bila machozi. Nisingemsikia Waisale siku iliyotangulia, pengine ningetosheka. Ningejiambia, kumbe mtoto anataka, kumbe ni mimi tu. Lakini sasa masikio yangu yalikuwa yamefunguliwa, na niliusikia mfupa. Akarudi kwenye gauni lake. Nami nikaogopa kumuuliza tena, maana angeitikia tena, na kila ndiyo yake ilikuwa inamsogeza ufukweni.

Ijumaa Unaisi alinifuata jikoni. Na yeye naweza kusema nitakavyo, mke wa kaka si kaka. Alikuwa amebeba viatu vyeupe vya shule, vipya, ndani ya karatasi.

"Nilikisia mguu wake, wifi. Kama vitambana vitabadilishwa. Duka liko karibu na kwetu, unavuka barabara tu." Akaanza kunieleza kitanda alichokitandika, dirisha linaloangalia mpapai, mto alioutarizi jina. "Nilitarizi Kelera, halafu nikaogopa. Nikasema, na kama wakikataa? Nikaugeuza mto upande wa pili."

"Na sasa?"

"Sasa nitaugeuza tena!" Akacheka, akanikumbatia, harufu ya sabuni ya mjini. Nilikuwa na kisu mkononi, nakata majani ya majimbi. Nilikiweka chini. Ningemchukia ningepumua. Lakini nani atamchukia mwanamke aliyegeuza mto?

Nikapika, nikaunguza tui. Katika maisha yangu sijaunguza tui. Mchana nikaenda shuleni, wakati watoto wako uwanjani, nikamshika Waisale.

"Nibebee neno kwa Isikeli."

"Neno gani?"

"Kwamba ndiyo aliyopewa ina mfupa. Ya Manasa na ya mtoto."

Waisale alikuna kichwa. "Jino limeshashikwa, bibi. Unataka niende nimwambie binamu yangu mbele ya watu? Nitaonekana mchonganishi."

"Ulimfanya mjukuu wangu achekwe kwa neno la Kiingereza. Leo libebe hilohilo kwa lugha yetu. Na huo utani wako wa kila siku una kazi gani, kama siku ya mzigo haubebi?"

"Una ulimi wewe. Ndiyo maana kaka yako aliwekewa ukuta."

"Waisale. Meli ni kesho."

Akaacha kucheka. "Nitaona," akasema. Hakusema zaidi, na mimi nilirudi nyumbani na hilo nitaona, nimelishika kama yai.

Jioni wanaume walikaa kuzunguka bakuli la kava, kinywaji chetu cha mizizi, nyumbani kwetu, kikao cha kuwaaga wageni. Mimi nilikuwa jikoni nyuma ya ukuta wa matete, ambao hauzuii neno. Kikombe kikazunguka. Wakaongea habari za mvua, za bei ya samaki, za mchungaji mpya asiyejua kumaliza mahubiri. Kikombe kikazunguka tena. Nikasikia Waisale akijikohoza, kisha akaulizia boti. Boti! Niliuma kitambaa.

Hatimaye akasema, "Binamu Isikeli, wewe ni mvuvi wa namna gani? Samaki karuka mwenyewe ndani ya mtumbwi, nawe unajisifia nyavu?"

Wanaume wakacheka. Isikeli naye akacheka. "Wivu tu huo. Wewe samaki wakikuona hukimbilia kwa papa."

"Mimi nikishika samaki namtazama. Wewe hukumtazama mzee alipolishika jino? Ombi lako lilikuwa bado tumboni. Alikuwa anamshika Litia yule. Wewe hukuwamo."

Kicheko kikafa. Nikasikia kikombe kikiwekwa juu ya mkeka.

"Niliona," akasema Isikeli.

"Uliona?"

"Niliona. Nikaendelea. Nilijua nikisema subiri kwanza, nisikilize, nitaambiwa hapana."

Halafu mkeka ukalia, mtu anainuka, na nikaijua miguu ya mume wangu ikipita kwenda chumbani. Alikaa huko. Alikaa mpaka nikasema moyoni, hatatoka, amelala, amekufa. Alipotoka nilichungulia kwenye tundu la ukuta. Alikuwa ameshika meno mawili, langu chini, la Isikeli juu. Akapiga magoti mbele ya shemeji yake, akasema maneno mafupi, ya kukwama, bila kulitaja jina la heshima hata moja sawasawa:

"Nilishika kwa machozi, sikushika kwa masikio. Naomba mtoto abaki. Nicheke ukitaka."

Isikeli hakucheka. Lakini mikono yake hakuinyosha. Aliiacha juu ya magoti yake, akayatazama meno. Na asipoyashika, yetu inabaki ndiyo ya mwanzo, na kesho ni meli.

Mikono ya Manasa ikaanza kushuka kwa uzito. Sijui nani alinisukuma. Niliingia kwa mlango wa jikoni, na kaka yangu aliponiona akageuza uso ukutani, kama inavyompasa. Nami nikaugeuza wangu. Nikaishika nguzo ya nyumba, nikasema nayo.

"Nguzo, umwambie mgeni wetu kwamba mtoto amekubali kwenda. Hajalia. Umwambie kuna gauni moja analikunja tangu jana na halijakunjika."

Mzee mmoja akaguna. Nilidhani nitafukuzwa. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu utoto wetu, nikasikia sauti ya kaka yangu ikinijibu humohumo chumbani, ingawa ilikwenda ukutani.

"Nguzo, umwambie mwenye nyumba hii kwamba kwangu ndoo ya maji hujazwa asubuhi, na jioni bado imejaa. Hakuna anayemwaga. Mke wangu anapikia sufuria ndogo, kama ya mgonjwa. Umwambie sikuja kuiba."

"Nguzo, anajua."

"Basi umwambie amlete mtoto."

Kelera alikuwa nyuma yangu tayari, watoto wako kila mahali. Kwetu mtoto haulizwi jambo la jino. Isikeli akamuuliza.

"Unataka kwenda na mimi Suva?"

"Ndiyo, babu," akasema Kelera.

Isikeli akainamisha kichwa, akakaa anaisikiliza ndiyo ile kama mtu anayegonga nazi na kutega sikio kujua kama ina maji.

"Sasa niambie bila adabu," akasema.

Kelera akanitazama. Sikumsaidia, nilikuwa nimeikumbatia nguzo.

"Nataka kwenda kuona," akasema, "halafu nataka kurudi jioni."

Wanaume wakaangua kicheko, maana Suva ni safari ya kutwa nzima na usiku wake juu ya mawimbi. Hata Manasa akacheka, machozi na kamasi pamoja. Isikeli hakucheka mpaka mwisho. Alicheka nusu, ikamkatikia. Kisha akanyosha mikono, taratibu, nikaona vidole vyake vikifunguka kimoja kimoja, akayapokea meno yote mawili. Akasema neno la kupokea. Makofi yakapigwa, na yalikuwa mepesi, ya watu wasiojua kama ni furaha.

Nilipata nilichokitaka. Nikarudi jikoni nikamkuta Unaisi amekaa juu ya mbuzi yangu ya nazi, mikono mapajani. Alikuwa amesikia yote, ukuta ni uleule.

"Nimekukasirikia, wifi," akasema.

"Najua."

"Sitakusamehe leo."

"Hata kesho si lazima."

"Usiniambie la lazima!" Akalia. Nikakaa chini karibu yake, nikamshika mguu, kwa sababu mkono alikuwa ameuondoa. Mguu aliuacha.

Asubuhi meli ilisimama nje ya mwamba, kama kawaida, na boti ndogo ikaja kuchukua abiria. Kijiji kizima kilishuka ufukweni. Unaisi hakuniaga. Alipita, akafika majini, akasimama, akageuka.

"Kikapu changu kizito," akasema, hamtazami mtu. "Nani atanibebea mpaka melini?"

Kelera akaninong'oneza, "Bubu, niende? Nitarudi na boti."

Mwendesha boti ni kijana wetu, angemrudisha. Isikeli ni mtu wa neno. Meno yalikuwa yameshapokewa, watu wameona. Yote hayo niliyajua, na bado niliushika mkono wake. Mtoto akishapanda ngazi ya meli, akaona vitanda, akanunuliwa soda, akaambiwa lala kidogo tu. Unaisi alikuwa bado amesimama, maji magotini, anangoja.

"Nenda," nikasema.

Lilitoka dogo. Kelera alilisikia, akanitazama sana, kisha akakichukua kikapu kichwani akaingia majini.

Boti ikaondoka. Manasa alikuja akasimama kando yangu, naye Waisale upande wa pili, na safari hii hakuwa na utani. Boti ikafika kwenye meli. Watu wadogo kama mchwa wakapanda ngazi. Sikuweza kujua yupi ni yupi. Boti ikakaa pale, ikakaa, mpaka jua likaanza kuniuma utosi na wanawake wakaanza kupanda kurudi kwenye moto wao. Meli ikapiga honi.

"Anarudi," akasema Manasa, lakini alikuwa anauliza.

Kisha boti ikajitenga na meli, ikapita katika pengo la mwamba, inaruka juu ya mawimbi. Macho yangu si ya kuaminika. Nilimwuliza Waisale vichwa vingapi.

"Viwili," akasema. "Nyamaza sasa, mama, viwili."

Niliingia majini na gauni langu la kanisani. Alikuwa yeye, amekaa katikati ya boti, mwembamba, nywele zimelowa. Alikuwa anarudi kwangu, amenipa mgongo. Uso wake wote ulikuwa kwenye meli, na mkono wake bado uko juu.